Nilipitisha Katiba Iliyonitoa

Admin, jina langu lisionekane, maana kikundi chetu chote kinasoma hapa. Nina miaka thelathini na nne, Mkenya, nasafisha vyumba hotelini huku Al Garhoud, Dubai. Mume wangu ni askari wa lindo. Namwita mume kwa sababu tumeishi pamoja miaka mitano, na mjomba wake alifika kwa mama yangu kuniposa.

Tuna kikundi cha kusaidiana kwenye misiba. Jumapili iliyopita tulipigia kura katiba iliyorekebishwa, kwa kunyoosha mikono. Ubishi ulikuwa kwenye kifungu kimoja: mwanachama ataandikisha mke mmoja tu, yule aliyemwoa nyumbani. Wa kuishi naye Dubai hahesabiwi tena.

Nilisimama nikaongea. Nikasema, "Tusidanganyane. Kuna wanawake wanalea watoto kule peke yao, halafu huku mtu amejipatia mwingine. Huyo wa kule ndiye mwenye haki." Nikapigiwa makofi. Mume wangu akanivuta nguo, akaninong'oneza, "Kaa chini, hayakuhusu." Kura ilipopigwa, mimi mkono juu, nikijihesabu wa nyumbani kwa kuwa niliposwa kwa mama. Yeye alinyoosha wake pamoja na waliokataa. Nikadhani ni huruma tu, ndivyo alivyo.

Katiba ikapita. Tukiwa tunakunja viti, mwenyekiti akaniita kando. Akasema polepole, "Dada, pole. Nilidhani unajua. Bibi yake yuko Kitale na watoto wawili. Walifunga harusi kanisani."

Tulipofika chumbani hakukana. Alisema, "Mimi nilipiga kura ya kukulinda. Wewe ndiye umejitoa."

Nimelia mpaka madam kazini akaniuliza kama nimefiwa. Moyo umevunjika na bado nampenda, hilo ndilo linaloniua. Nikimtazama akila naona hasira, kisha namwongezea mchuzi.

Jana nikapata ujumbe kutoka namba ya Kenya. Kumbe kuna mtu alirekodi maneno yangu mkutanoni akayatuma nyumbani pamoja na namba yangu. Aliyeandika ni yule mke wa Kitale, na hajui mimi ni nani kwa mumewe. Amemtaja mumewe kwa jina, kisha ameandika: "Dada, hatujuani, lakini nimesikia vile ulitutetea sisi tuliobaki. Nimekuombea kanisani. Tafadhali niangalizie baba watoto huko, siku hizi hashiki simu zangu."

Anaona kwamba nimeshausoma. Ndugu zangu, nimjibu nini mwanamke huyu?