Mama Aliyetazama Mashabiki

Mwanangu, kuna jioni moja ya Desemba naikumbuka, msimu wa senene, nikiwa bado kijana wa bodaboda hapa Kibingo. Mvi zimeniwahi, ndiyo maana leo mnaniamkia shikamoo kabla sijazoea.

Tulikuwa kwenye banda la mpira tukitazama mashindano ya mataifa ya Kiarabu yaliyokuwa yakichezwa Qatar. Siku hiyo Tunisia walikutana na Omani. Sisi tuliwashangilia Tunisia kwa kuwa ni Waafrika wenzetu. Sababu nyingine hatukuwa nayo. Senene wa kukaanga walikuwa wakizunguka kwenye sahani, na banda lilikuwa limejaa.

Kabla mpira haujaanza, akaingia Mama Adela. Alikuwa mjane, akiishi kule malishoni na ng'ombe wachache alioachiwa na mumewe. Hatukuwahi kumwona bandani. Alisalimia, akapita, akakaa benchi la mbele kabisa.

Mpira ukaanza, na yeye akawa anatazama vidole vyake. Lakini kamera ilipogeuzwa kwa mashabiki, alisimama akasogea mpaka karibu aguse kioo cha televisheni. Mara ya kwanza tulivumilia. Aliporudia, kelele zikaanza.

"Mama, kaa chini! Unatuziba!"

Evarist, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko sisi sote, akasema kwa sauti, "Mwacheni, anachagua mchumba wa Kiarabu." Banda zima likacheka. Mama Adela akarudi kukaa, akajifunika kitenge mabegani. Kamera ilipoonyesha tena mashabiki, akasimama tena.

Mpira ulipokwenda mapumziko, Mzee Rwegoshora, mzee wa kanisa ambaye hakuwa akikosa mechi, alinyanyuka kutoka nyuma akaenda kukaa kando yake.

"Mama Adela, unatafuta nini pale?"

"Mwanangu," alisema. "Adela yuko huko Qatar, anafanya kazi za ndani. Tangu tulipopanda maharage hajapiga simu, na mimi nikipiga haipatikani. Nimeambiwa mpira huu unachezwa mji ule ule anaokaa. Nikasema labda bosi wake amemchukua aje amshikie watoto."

Mtu mmoja alizima redio yake ndogo.

Mzee alitugeukia. Hakupandisha sauti. "Mmemkalisha mara ngapi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza? Haya, mnashinda na hizo simu mkononi kutwa nzima. Leo zina kazi."

Wa kwanza kusimama alikuwa Evarist. Alisema rafiki wa mdogo wake ni mlinzi huko Doha. Mama Adela akafungua pindo la kitenge, akatoa picha ya binti yake ya siku ya kipaimara. Evarist akaipiga picha kwa simu, akaituma pamoja na maelezo kwa sauti, na safari hii alizungumza taratibu.

Kipindi cha pili mzee alilisogeza benchi la mbele pembeni, mama akakaa karibu na kioo bila kumziba mtu. Kila walipoonyeshwa mashabiki, banda lote lilitafuta msichana mmoja katikati ya bendera. Tunisia walishinda. Adela hakuonekana.

Jibu lilikuja mashindano yakiwa yamekwisha. Yule mlinzi alikuwa amezungusha picha kanisani kwa Watanzania wa kule, na dada mmoja akamtambua. Mwajiri alimnyang'anya Adela simu, kisha akamhamishia nyumba nyingine, kwa ndugu yake. Jumapili moja Adela aliazima simu ya dada huyo, akampigia Evarist. Evarist akamwomba asikate, akapanda pikipiki yangu, tukaenda malishoni kwa mwendo ambao sitaki wewe uuige.

Tulimkuta Mama Adela anakamua. Aliposikia ni nani, alijifuta mikono kwenye kitenge, akashika simu. Nilidhani atalia, au atauliza mwajiri ni mtu gani. Alisema kwa Kinyambo chetu, polepole, "Umekula?"

Upande wa pili kilio kikaanza.

"Nijibu kwanza," mama alisema. "Umekula?"

Adela hakurudi mwaka ule. Alimaliza mkataba akaja amekonda, akakaa kwa mama yake muda mrefu bila kutaka kusimulia. Siku hizi ana kibanda cha vyakula njia panda, wewe mwenyewe umekula kwake.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu akisimama mbele yako akakuziba, muulize anatafuta nini kabla hujampigia kelele. Na akikujibu, usiishie kumsikitikia; angalia wewe una nini cha kumsaidia, hata kama ni namba ya rafiki wa mdogo wako. Mzee Rwegoshora alitufundisha hilo katika mapumziko ya mpira, kisha akarudi kwenye kiti chake kutazama kipindi cha pili.

Nimesikia na wewe umeomba pasi ya kusafiria. Sikuzuii. Ila namba ya mama yako ishike kichwani, usiiache kwenye simu peke yake, maana simu inaweza kuchukuliwa. Mungu akutangulie, akupe mwajiri mwenye utu na jirani mwenye masikio. Na siku tutakayokuulizia, tukupate mzima, umeshiba.