Silinda Sita

Kitabu chenyewe kilinuka oili chafu na sabuni ya unga, kwa sababu baba yangu alizoea kunawa mikono nusu nusu kabla ya kukishika. Kilikuwa kinene kuliko kitabu chochote nilichowahi kukiona nje ya madrasa, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kurasa zake zilijaa michoro ya injini zilizopasuliwa katikati kama papai. Baba alikuwa fundi wa magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka ishirini, na jina lake lilijulikana kwa aina moja tu ya gari: saluni ya Kijerumani ya zamani, ya milango minne, yenye taa nne za mviringo na pua iliyoinama mbele kama ya papa anayenusa damu. Kisha presha ya macho ikamwingia polepole, ikamla jicho moja, halafu la pili. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na miwili alirudi nyumbani Mafia akiwa ameshikwa mkono na mama, na begi lake halikuwa na kitu cha maana zaidi ya kitabu hicho.

Kila alasiri nikitoka madrasa alikuwa akinisubiri barazani kwetu Kilindoni, uso ameuelekeza barabarani kama mtu anayetazama wapita njia. Nikimwamkia shikamoo, aliitika marahaba na papo hapo kuniuliza, "Tumefika ukurasa gani?" Nilisoma Kiingereza nisichokielewa, herufi kwa herufi, naye alikigeuza Kiswahili kwa vidole, akichora hewani. Ndivyo nilivyojifunza kwamba gari lile lilikuwa ukoo mzima. Kitinda mimba wa ukoo aliitwa 518, silinda nne, kabureta moja, nguvu za farasi tisini, breki za nyuma za ngoma. Juu yake kulikuwa na 520, mwenye silinda sita ndogo ndogo. Kisha 528, silinda sita kubwa, petroli ikipulizwa bila kabureta, farasi mia moja themanini na nne, na breki za diski miguu yote minne, kwa kuwa mwenye mbio lazima ajue kusimama. Kilele cha ukoo alikuwa yule wa herufi M, mwenye valvu nne kwa kila silinda, ambaye kwa nje hakutofautiana sana na ndugu zake. "Huyo ni chui aliyevaa kanzu," baba alisema, na nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Yeye mwenyewe alikuwa na 518, aliyoiacha Dar kwa vijana wake wa gereji. Kila siku alitafuta njia ya kuileta. Mama, aliyekuwa akisuka ukili wa mikeka huku akitusikiliza, hakupenda habari hizo. "Wewe huoni, na gari halioni," alimwambia siku moja. "Nani atamwongoza mwenzake?" Jibu lilikuwa Baba Mdogo Shomari, mdogo wake baba, aliyekuwa na shamba la minazi na moyo mwepesi. Walikubaliana kwamba Baba Mdogo angegharimia kulisafirisha, kisha angeliendesha kwa kukodisha: maharusi, wagonjwa, wageni wa kwenda ufukweni Utende. Sharti lake lilikuwa moja. Alitaka gari jepesi, lisilokunywa petroli, maana petroli ya kisiwani hupatikana kwa manati. "Si ni ile ndogo, kaka?" aliuliza. Baba akajibu, "Ni 518. Kadi yake hiyo hapo, soma."

Kadi ilisema 518 kweli. Lakini wiki moja kabla, tulipokuwa kwenye kurasa za injini, baba alinikatiza ghafla, akaniuliza kama mama yuko karibu. Mama alikuwa kisimani. Ndipo aliponiambia kwamba miaka mingi nyuma, gari moja la 528 lilipondwa ubavuni na kuletwa kwake kama chuma chakavu, naye akaitoa injini yake nzima na kuipachika ndani ya 518 yake kwa mikono yake mwenyewe, usiku na mchana, mpaka ikakaa. Kadi hakuibadilisha. Ile 518 iliyobandikwa nyuma ya buti hakuibandua. "Breki je?" nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusoma. Breki zilibaki zilezile za mdogo mtu. Alikuwa na nia ya kuzibadilisha, macho yakamtangulia. "Hii ni yako na yangu," aliniambia. "Shomari akijua ni silinda sita, gari haliji." Siri ya mtungi aijuaye kata, wamesema wahenga. Ila kata haina moyo wa kudunda, na wangu ulidunda kila Baba Mdogo alipopita barazani na kuuliza kwa furaha, "Gari letu dogo linakuja lini?"

Lilikuja juu ya boti ya mbao ya mizigo, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Siku hizo chombo kama hicho kilisogezwa hadi karibu na ufuko, kikapwelewa juu ya mchanga, na wapagazi wakashusha mizigo kabla maji hayajarudi. Dar walilipakia kwa winchi. Kilindoni hapakuwa na winchi. Palikuwa na mbao mbili nene zilizotoka ukingoni mwa chombo hadi mchangani, zikaegemezwa katikati juu ya magogo, na kamba ya katani iliyofungwa nyuma ya gari na kushikwa na wanaume wanane. Nilisimama mchangani na baba, mkono wake begani mwangu. Gari lilikuwa jeupe, limefunikwa vumbi la chumvi, pua imeelekezwa kwetu. Sikuwa nimeliona tangu niambiwe siri ile, na nilishangaa kwamba halikuonyesha chochote.

Nahodha, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, aliuliza kutoka juu, "Uzito wake?" Baba Mdogo alikuwa ameshaingia kwenye usukani. "Silinda nne hili, nahodha! Kilo elfu moja na mia moja na ushei." Nahodha akazitazama mbao, akaridhika. Akaongeza amri moja: injini isiwashwe kwa hali yoyote, kwani alikuwa na mapipa mawili ya petroli ambayo hayajashushwa. Gari lingeteremka kimya, kwa breki na kamba. Chini ya mbao, jirani yetu Hamadi, mpagazi mwenye watoto wawili wachanga, alichuchumaa akiyakaza magogo kwa kabari.

Nilijua mambo matatu ambayo pale mchangani hakuna mwingine aliyeyajua isipokuwa baba. Nilijua kwamba pua ya gari lile ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Nilijua kwamba nyuma kulikuwa na breki za ngoma, za gari dogo. Na nilikuwa nimesoma kwa kinywa changu kwamba breki zake husaidiwa na mvuto wa injini, kwamba injini ikizimwa, pedali huwa ngumu kama jiwe. Nikamvuta baba kanzu. "Baba, waambie." Mkono wake ukanibana bega. "Nyamaza." "Baba, Hamadi yuko chini." "Nimesema nyamaza."

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yalikuwa yakilamba sehemu ya nyuma ya chombo, na nahodha alikuwa akihimiza. Magurudumu ya mbele yakapanda juu ya mbao. Zikalia. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu mzima anayeinuka kutoka kwenye kitanda cha kamba, lakini niliuona uso wa baba ukigeuka upande ule kwa haraka. Nikapiga kelele. Sikupanga maneno. "Simameni! Si 518! Ni silinda sita!"

Kazi ikasimama. Ninakumbuka macho ya watu kuliko ninavyokumbuka kitu kingine chochote cha siku ile. Mtoto wa kike, mwenye buibui la madrasa, anawasimamisha wanaume. Baba Mdogo alitoa kichwa dirishani. "Unasemaje wewe?" Nahodha hakunijibu mimi, akamwuliza baba kwa heshima, "Fundi, mtoto anasema nini?"

Baba alinyoosha shingo. Alisema kwa sauti iliyotulia, ile aliyokuwa akinifundishia, "Mtoto mwongo huyo. Anasoma vitabu asivyovielewa. Kadi inasema 518. Endeleeni."

Kuitwa mwongo kwetu si jambo dogo, sembuse kuitwa na baba, mbele ya watu, kwa ukweli alionipa mwenyewe. Wanaume wakacheka kidogo, wakakaza kamba, gari likasukumwa tena. Gurudumu la nyuma likavuka ukingo, na uzito wote ukawa juu ya mbao. Hapo kamba ikaanza kuwaponyoka. Ilitoka taratibu, kisha kwa kasi, mmoja wao akaiachia akipuliza viganja vyake. Nilimwona Baba Mdogo akiinuka kitini, amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, mdomo wazi. Gari halikumsikia. Ubao wa kulia ukapasuka kwa mlio mkavu, na Hamadi alikuwa chini yake.

"Shomari! Washa injini!" Ilikuwa sauti ya baba. Nahodha akapaza, "Hapana! Petroli!" Baba akamzidi, akiwa amenyoosha mikono yote miwili mbele kama anayeliona: "Washa, Shomari! Breki hazina nguvu bila injini! Ni silinda sita, washa! Hamadi, toka!"

Baba Mdogo akazungusha ufunguo. Injini iliitika mara moja. Kila aliyewahi kusikia mashine alijua kwamba ile haikuwa sauti ya silinda nne. Haikutetemeka, haikukohoa, ilitoka mfululizo kama kitambaa kinachochanwa bila kukatika. Pedali ikalainika. Gari likakamatika pale lilipokuwa, pua ikiwa imeinama upande wa ubao uliopasuka. Watu wakarudi kwenye kamba, wengine wakawaita vijana wa sokoni, wakaongezeka kufikia ishirini. Hamadi alitambaa nje akiwa amekumbatia mkono wake wa kushoto. Kipande cha ubao kilikuwa kimemwangukia juu ya kiwiko. Gari lilifika mchangani maji yakiwa yamefunika nusu ya magurudumu.

Baba Mdogo aliizima injini, akateremka, akaenda kufungua boneti. Boneti ya gari lile hufunguka kinyume, kuelekea mbele, kwa hiyo alihangaika nayo kwanza. Kisha akasimama akihesabu waya za plagi kwa kidole. Alihesabu mara mbili. Alimchukua Hamadi, akampeleka hospitali kwa miguu, akiliacha gari na funguo zake, na vijana wakalisukuma hadi mchanga mkavu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi Mungu alitusitiri tukaumbuliwa na mkono uliovunjika. Mkono huo uliunga vibaya, na Hamadi hakuweza tena kubeba gunia begani. Baba alikwenda kwake siku ya pili, mimi nikimwongoza, akakaa kwenye mkeka mbele ya mkewe na kusema kila kitu, kuanzia lile gari lililopondwa hadi neno aliloninenea ufukoni. Hamadi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Fundi, ulijua kuwa nipo chini?" Baba akasema, "Mwanangu aliniambia." Hakujitetea zaidi ya hapo. Mke wa Hamadi akaleta chai, na sikujua kama ile chai ilikuwa msamaha au ni adabu tu.

Baba Mdogo alinuna kwa miezi mitatu. Baadaye alizibadilisha breki, baba akimwelekeza kwa kupapasa, na Hamadi akafundishwa udereva. Ndiye aliyeliendesha gari lile, mkono mmoja ukiwa umepinda kidogo kwenye usukani, mpaka kutu ilipolimaliza. Nami baba aliniita barazani jioni moja kabla ya magharibi. Hakuchukua kitabu. Aliniambia, "Nilikuita mwongo mbele ya watu. Nisamehe, mama." Baba mzima kumwomba mtoto msamaha! Sikujua nifanye nini na neno kubwa kama lile. Nilimwambia nimesamehe, nikakimbilia jikoni kulia.

Baba amefariki. Siku hizi magari huja Mafia kwa njia zilizo salama zaidi, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukwambia uzito wa gari kabla halijafika. Nina duka la vipuri vya pikipiki Kilindoni, na mara nyingi nimejidanganya kwamba zama zile zimepita kabisa, kwamba leo hakuna ubao wa kutupasukia. Mwezi uliopita dereva mmoja wa bodaboda alikuja kutaka viatu vya breki. Nikampa pakiti, nikamhakikishia kwamba ni vyenyewe. Binti yangu Zuhura, aliyekuwa akifanya kazi zake za shule nyuma ya kaunta, akainua kichwa. "Mama, hivyo si vya pikipiki yake." Mteja akanitazama. Nilihisi uso ukinichoma, na neno "nyamaza" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilipata shida kulimeza, sitaficha, mimi niliyesimama mchangani siku ile. Nikafungua pakiti, nikalinganisha na kiatu cha zamani alichokuja nacho. Vilipishana kwa upana wa ukucha. Nikavirudisha rafuni, nikamwambia yule dereva, "Msikilize huyu."