Baada ya Chakula

Mimi ndiye niliyesoma bahasha ya dawa. Nianzie hapo, maana kaka zangu wakisimulia habari hii mpaka leo huanzia hospitali, kana kwamba mama aliugua tu kama watu wanavyougua.

Tulikaa Ipuli, nje ya mji, wakati ule mashamba matupu, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani, na mama alitamba kwa hilo. "Mtoto wa mpagazi halilii magoti," alisema, huku magoti yamevimba na asubuhi anashuka kitandani kwa kutambaa. Daktari wa mjini akamwandikia vidonge vyeupe, vikubwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, msomaji pekee nyumbani, kiburi kimenijaa hadi kooni. Nikamsomea: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, baada ya chakula.

Loo, vilifanya kazi! Hazikupita wiki mbili mama akashika jembe. Kwa furaha akaweka nadhiri kwamba Kwaresima nzima atakwenda misa kila alfajiri na kukomunika, kupokea Mwili wa Kristo. Tatizo likawa mfungo. Anayekomunika hakuruhusiwa kula chochote tangu saa sita ya usiku, ila padri alikuwa ametangaza sheria mpya, kwamba maji hayavunji tena mfungo.

Mama akanijia jikoni na bahasha mkononi. "Mwanangu, hivi vya asubuhi nikivimeza kwa maji kabla ya misa, ni dhambi?"

Nilikuwa napepeta mtama. Sikuinua hata macho. "Maji si yameruhusiwa, mama? Na dawa si chakula. Meza uende zako."

Yaani nilijibu habari ya dhambi! Habari ya tumbo haikunijia hata kidogo, na maneno yale matatu nilikuwa nimeyasoma kwa kinywa changu mwenyewe.

Akawa anameza kwa maji matupu, anakwenda kanisani, anarudi jua limepanda. Na kwa kuwa ni Kwaresima alikula mara moja tu, jioni, kwa hiyo vya mchana navyo viliingia tumbo tupu. Goti likimsumbua anaongeza cha tatu. Siku moja nikamkuta shambani amejiinamia, amekandamiza tumbo kwa mpini wa jembe. Nikamuuliza ana nini.

"Njaa ya Kwaresima hiyo. Niache."

Nikamwacha. Choo chake kilikuwa kimegeuka cheusi kama lami na hakumwambia mtu. Mama gani atawasimulia wanawe mambo ya choo?

Siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi akatapika uani. Vilitoka vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Nikapiga yowe. Kaka zangu wakambeba na kitanda chake cha kamba wakakimbia naye mjini, mimi nyuma yao, namwomba Mungu, namtukana, namwomba tena.

Hospitali, dresa, yule msaidizi wa daktari, alipokea bahasha kwangu, akaigeuza. "Alikuwa anakula kwanza?" Kaka zangu wakanitazama. Nikasema sijui. Jamani, nilisema sijui! Daktari akatueleza kwamba vidonge vimemchimba kidonda tumboni, damu inavuja, na kwamba angeletwa siku ile choo kilipobadilika rangi wangemzuia asimeze tena, wakamtibu. Sasa amechelewa.

Alasiri padri akaitwa. Mama akaungama, sisi tukiwa nje, kisha akapakwa mafuta. Kutapika kulikuwa kumetulia, akaomba kukomunika. Nikajitia kimbelembele, nikitaka walau hilo liwe sawa, nikamwambia padri kwamba mama hajala kitu tangu jana.

"Anayekaribia kufa hafungi, binti," akasema. "Hata mgonjwa wa kawaida siku hizi huwa namruhusu anywe uji na dawa yake kabla ya misa. Angekuja tu kuniuliza."

Uji! Kikombe kimoja cha uji.

"Aliuliza, Padri," nikasema. "Aliniuliza mimi."

Mama akafumbua macho. Sauti ilikuwa imekwisha lakini tuliisikia sote. "Usimsikilize huyo, Padri. Sikumuuliza mtu."

Alikuwa ametoka kuungama sasa hivi, na huo ulikuwa uongo. Akanitazama mpaka nikanyamaza, ndipo akafungua kinywa kupokea.