Mfarishi wa Apolena

Bibi yangu Apolena alivuka bahari kutoka Bohemia akiwa ameukalia mfarishi wake, lile blanketi nene la kujazwa manyoya. Usimcheke! Mama yake alikaa majira mazima ya baridi mezani na wanawake wa kijiji, wakichambua manyoya ya bata bukini moja moja, wasithubutu hata kupiga chafya. Kwetu binti haolewi bila mfarishi. Wengine walifika Nebraska na majembe. Yeye alifika na huo.

Vuli moja dondakoo likamchukua Rozina, bintiye mkubwa. Daktari akagoma kuingia ndani, akasemea mlangoni: "Chomeni kila alichokilalia. Mmenisikia? Mmebaki na mtoto mmoja."

Babu Vavrinec akachoma godoro la majani, nguo, mpaka mwanasesere.

"Na mfarishi?"

"Umeshaungua, mume wangu."

Uongo mtupu! Ulikuwa ghalani, chini ya magunia. Nikifika hapa hasira hunipanda kila mara. Lakini mama yake, aliyebaki Bohemia, hangemwona tena, na kazi ya mikono yake aliyobaki nayo ilikuwa hiyo tu.

Theluji ikawahi mwaka ule. Matej, wa miaka miwili (mama yangu alikuwa hajazaliwa bado), akawa analia kwa baridi, midomo imemgeuka rangi. Bibi alikuwa ameuanika mfarishi juani kwa siri, akajiambia ugonjwa umeshatoka. Akamfunika. Mtoto akalala vizuri, maskini. Haikupita wiki, koo likaziba.

Babu akauona pale kitandani.

"Apolena, huu si ule?"

"Ndio wenyewe."

Hakumpiga. Heri angenipiga, bibi alikuwa akisema. Alitoka tu, akaanza kupigilia mbao za jeneza.

Walipokwisha kuzika, bibi akauburuta mfarishi uani, akauchoma mwenyewe. Harufu ya manyoya ikamfikia jirani, Kordula, ambaye hakuwa na habari, maana theluji ilikuwa imefunga njia mpaka siku ile. Akaja anacheka.

"Loo! Mnachoma bata, hata kualikana hakuna? Niachieni basi japo shingo!"

"Usisogee, Kordula. Ni mfarishi aliougulia Rozina. Niliambiwa niuchome, roho ikaniuma, nikamfunika nao Matej. Tumemzika leo asubuhi."

Kordula alikuwa na watoto watano. Alijiziba mdomo kwa aproni, akarudi kinyumenyume mpaka uzioni, kisha akatimua mbio kwenda kwao. Bibi hakumlaumu. Akaendelea kusukumia manyoya motoni kwa fimbo.