Tereza Mazengo na picha za kifafa kisichokatika

Bi Ikram anachomoa pini za ushungi wake na kuziweka kwenye kisahani cha plastiki kabla hajaambiwa. Zinafuata bangili, kisha simu. Tereza Mazengo, aliyesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, anatabasamu.

"Leo umekuwa mwenyeji, mama."

"Nimeshazoea, mwanangu."

Tereza, mwenye umri wa miaka 34 na mkazi wa Mkonze, ni mtaalamu wa vipimo vya picha katika hospitali moja jijini Dodoma. Kwa miaka mingi alipiga picha za mifupa iliyovunjika na vifua vya wenye kikohozi. Mwaka juzi alijiunga na watafiti wanaotumia mashine ya MRI kuchunguza ubongo wa watu waliopatwa na kifafa kinachoanza na kugoma kukatika.

"Watu wanadhani mtu akishatulia mambo yamekwisha," anasema. "Kumbe kifafa kikikaa muda mrefu kinaweza kuumiza ubongo. Tunapiga picha mapema, halafu tunarudia baada ya miezi, tuone kilichopona na kilichobaki."

Ugumu ni kwamba mashine hiyo ina kelele nyingi na inamtaka mtu atulie tuli. Kichwa kikisogea tu, picha imeharibika.

Ndivyo ilivyokuwa Januari, alipoletwa Joha, binti wa Bi Ikram mwenye miaka kumi na tisa, kutoka Kolo, Kondoa. Kifafa kilimwangusha nyumbani. Ndugu wakasubiri kiishe kama kawaida yake, lakini safari hii hakikuisha. Kilikatishwa na dawa za hospitali, na siku ya tatu, akiwa na fahamu zake, Joha akakubali kupimwa.

Aliposikia mlio wa kwanza, akabinya kipira cha kuomba msaada. Tereza akamtoa. Joha akajaribu tena, akabinya tena.

"Humo ndani ni kama kaburini," alisema akilia.

Bi Ikram alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake. "Mwanangu ameteseka vya kutosha. Tuacheni."

Daktari Cornel, anayeongoza utafiti huo, hakutaka kumpa Joha dawa ya usingizi, kwa kuwa alikuwa amepewa nyingi siku zile. "Hatumlazimishi mtu," alisema. "Akikataa, tutamtibu vilevile."

Tereza alijua kwamba picha ile, ikikosekana wakati ule, isingepatikana tena. Akaketi kwenye benchi kando ya mama.

"Hii haina mionzi, mama, ni sumaku. Ukiacha chuma chote nje, unaweza kuingia naye ukamshika mguu."

"Mimi mwenyewe naogopa."

"Basi mtaogopa wawili."

Bi Ikram akaanza kuvua bangili. Wakazibwa masikio, wakaingia. Kabla ya kila mlio, Tereza alimtayarisha Joha kwa kipaza sauti: "Sasa itagonga kama fundi anapigilia bati. Hii ni fupi." Joha hakutikisika. Mama alikuwa ameng'ang'ania mguu wa mwanawe, midomo ikisoma dua.

Picha ilionyesha doa jeupe ndani ya ubongo, upande wa kushoto, dalili ya uvimbe ulioachwa na kifafa kile.

"Nilikuwa naambiwa ni mashetani," anasema Bi Ikram, akigusa kipaji cha uso. "Siku ile nikaona kwa macho yangu. Mahali penyewe ni hapa."

Leo wamerudi kwa picha ya pili. Bi Ikram yuko tayari kuingia, lakini Joha anamzuia.

"Mama, wewe kaa nje. Nitaingia mwenyewe."

Anaingia, na kipira hakibinywi hata mara moja.

Doa limefutika, ingawa sehemu ile imesinyaa kidogo. Tangu Januari Joha ameanguka mara moja tu, tena kwa muda mfupi. "Hajapona, lakini tumekidhibiti," anasema Daktari Cornel. "Dawa asiache."

Tereza ameshapata ruhusa ya kwenda Kolo mwezi ujao. Atazungumza na familia kwenye zahanati, Bi Ikram akimtafsiria kwa Kirangi, na ujumbe wake ni mmoja: kifafa kikizidi dakika tano, usisubiri, tafuta usafiri.

"Hapa nawapata wakiwa wameshaumia," anasema. "Nataka niwahi kabla."