Cherehani cha Dada na Mafuta ya Pamba

Nimeishi miaka ya kutosha kuamini kwamba tabia ya mtu huonekana zaidi katika vitu anavyovitunza kuliko katika maneno anayoyasema. Kwa imani hiyo nimekuwa mzigo kwa ndugu zangu. Huwauliza wageni ni lini walinoa visu vyao mara ya mwisho. Hukagua minyororo ya baiskeli zinazoegeshwa ukutani kwangu. Na kwa miaka mingi, kila nilipotoka Bariadi kwenda Kasoli kumsalimu dada yangu mkubwa, swali langu la kwanza baada ya salamu, kabla hata sijaketi, lilikuwa lini cherehani chake kilipelekwa kwa fundi.

Nasema “cherehani chake” kwa kuwa ndivyo kamusi inavyoagiza. Kasoli haijawahi kulipokea agizo hilo. Dada husema “cherehani yangu”, na siku akiwa amependezwa na kazi yake husema “huyu”, kama asemavyo juu ya ng'ombe.

“Hajaumwa,” alikuwa akinijibu. “Kwani wewe mdogo wangu huwa unakwenda hospitali ukiwa mzima?”

“Inapaswa.”

“Ulikwenda lini?”

Hapo nilikuwa nikiomba maji ya kunywa.

Msimamo wangu ulikuwa wazi, nao haujabadilika. Mtu anayeshona kila siku akipeleke cherehani chake kwa fundi mara moja kwa mwaka. Anayeshona mara moja moja, leo kifungo na mwezi ujao pazia, anaweza kungoja hata miaka miwili. Na kwetu, ambako pamba ikivunwa hewa yenyewe huota manyoya, mtu asisubiri mwaka uishe ikiwa kanyagio limeanza kuwa zito au sauti imebadilika. Kufagia vumbi la nyuzi chini ya meno yanayosukuma kitambaa na kutia tone la mafuta hakuhitaji fundi. Hiyo ni kazi ya mwenye mali, ya kila wiki, kama kufua.

Katika mahubiri hayo yote dada alikubali neno moja tu, nalo ni mafuta. Alikitilia cherehani mafuta kwa ukarimu wa mtu anayekaribisha wakwe. Ila yalikuwa mafuta ya pamba, yale yale ya kukaangia.

“Nguo ni pamba, uzi ni pamba,” aliniambia siku nilipomkuta na kijiko mkononi. “Ulitaka nimtilie mafuta ya wapi? Ya Uarabuni?”

Nilimweleza kwamba mafuta ya kula huganda yakikaa kwenye chuma, na kwamba cherehani kina mafuta yake mepesi yanayouzwa katika vichupa. Alinisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha akaongeza kijiko kingine.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyomfanya amkwepe fundi, nayo hakuificha. Aliamini, kama wanavyoamini wengi wa wilaya yetu, kwamba ukimwachia fundi chombo kizima, hukirudisha kikiwa na sura yake ya zamani na matumbo ya mwingine. Vyuma vizuri vya kwako huhamia katika cherehani cha mteja anayependwa zaidi. Nilimwambia kwamba kumshuku mtu usiyemjua ni kumhukumu bila kesi. Akasema hajamhukumu, amemnyima tu nafasi ya kutenda kosa. Nakiri kwamba kama hoja ya maadili haikuwa dhaifu.

Mambo yangeendelea hivyo hadi uzeeni, kama binti yangu asingepata mchumba.

Katika ukoo wetu, shangazi ndiye anayemvika bibi harusi siku ya kuagwa. Dada yangu hana mtoto wa kike. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu binti yangu alipojifunza kusimama, na alipopata habari alitangaza kwamba gauni la sendofu atalishona yeye, kwa cherehani chake, na kwamba atakayetaja neno “kukodi” mbele yake ajitafutie wifi mwingine. Mke wangu hakulitaja neno hilo. Alikwenda saluni moja hapa mjini, akakodi gauni jeupe lenye shanga, akalitundika ndani ya mfuko wake wa plastiki nyuma ya mlango wa chumba chetu.

“Sina shaka na mikono ya wifi,” aliniambia. “Shaka yangu ni ile cherehani. Ikigoma, mtoto atavaa nini? Hotuba yako?”

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Alhamisi mchana simu yangu ililia.

“Amegoma,” dada alisema.

“Nani?” Nilidhani ni shemeji yangu, ambaye tulimtegemea kwa mbuzi.

“Huyu! Gurudumu halizunguki. Nimebakiza mikono na pindo la chini, na nikikanyaga ni kama nakanyaga jiwe.”

Nilimwambia aazime cherehani cha jirani. Akaguna kama mtu aliyetukanwa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama ni kweli mke wangu amekwisha kuleta gauni la kukodi. Sikuwa na namna ya kudanganya. Nikamwambia alete cherehani mjini kesho asubuhi.

Alifika Ijumaa kwa bodaboda. Alikuwa amekifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, akakifunga kwa kanga kifuani, akakikumbatia njia nzima.

“Mzee, chukua mtoto wenu,” dereva aliniambia akijinyoosha mgongo. “Mimi nimebeba wajawazito, nimebeba na mbuzi. Uzito kama huu sijaona.”

“Na kila shimo umepita humo humo,” dada alimjibu. “Ungekuwa umebeba mayai ungekuwa unanuka.”

Fundi tuliyemwendea ana banda lake karibu na soko. Ni mtu mwenye maneno mengi na mwenye kujipenda. Koti lake la kazi limepigwa pasi, na hutaja vyerehani alivyowahi kuvitibu kama daktari anayetaja wagonjwa mashuhuri.

“Mwangaluka, mayu,” alimwamkia dada kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

“Mwangaluka,” dada aliitikia bila kumpa mkono, maana mikono yote miwili ilikuwa bado imekikumbatia kichwa. Nilimsihi akiweke mezani. Alikiweka, akaketi mahali ambapo magoti yake yaligusana na meza.

Fundi alikipindua, akanusa, akamtazama.

“Mama, hii ni cherehani au kikaango?”

“Fungua, usinuse.”

“Nauliza tu. Nisije nikakuta kitunguu.”

Ndani kulikuwa na utando wa njano, mgumu kama gundi iliyokauka. Vyuma vilikuwa vimeshikana hata bisibisi ilisita. Fundi alisema mafuta ya taa hayatatosha; akaleta kopo la thina, ile ya kuyeyushia rangi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akavitumbukiza vyuma vyote ndani. Dada aliruka kana kwamba amemtumbukiza yeye.

“Umefanya nini?”

“Namwogesha.”

Hapo ndipo nilipoelezwa kilichofanyika Kasoli usiku uliotangulia. Babu yetu alikuwa akitia alama masikioni mwa ng'ombe wake ili wasibadilishwe malishoni. Dada, mjukuu wake, aliyejua kwamba chuma hakina sikio, alichukua rangi nyekundu ya kucha aliyoinunua kwa ajili ya sherehe, akatia tone katika kila kipande cha cherehani alichoweza kukifikia. Alikusudia kuzikagua alama hizo zote kabla ya kuondoka mbele ya fundi. Na fundi, kwa uaminifu wake wote, alikuwa amezifuta katika kopo.

Vyuma vilitoka vimetakata, viking'aa, na havina hata nukta moja.

“Hivi si vyangu,” dada alisema.

“Mayu! Umekaa hapa hapa! Umepepesa macho lini?”

“Nilipiga chafya.”

Fundi alinigeukia mimi kama mtu anayetafuta hakimu. Nikasema kwamba haki haitendeki kwa hasira. Wote wawili walinitazama kwa dharau iliyolingana.

Ndipo fundi akakumbuka kitu. Alichukua kutoka pembeni ya meza bonge la vumbi la nyuzi alilokwangua chini ya meno, lililoshindiliwa kwa miaka hata likawa kama kipande cha godoro. Akalipasua katikati. Lilikuwa na matabaka. Juu kulikuwa na weupe wa gauni. Chini yake zambarau. Chini yake bluu, na kijani, na rangi ya kaki. Dada alilichukua mikononi. Uso wake ukalegea.

“Hii zambarau ni kwaya ya akina mama,” alisema. “Hii bluu ni sketi za shule. Kaki hii… ni suruali za mume wangu, alipokuwa bado na kiuno.” Akalifunika kwa kiganja. “Uchafu ni wangu. Chuma ndiyo sijui.”

Fundi alikaa chini. Nafikiri alitaka kulia.

Lakini dada hakuwa ametoka Kasoli kuja kushindana. Gauni lilikuwa ndani ya mfuko wake, halina mikono, na saa zilikuwa zinakwenda. Aliomba sindano. Akachukua skrubu moja, akachokonoa ndani ya ule mfereji mwembamba wa kichwani inapoingia bisibisi, na kwenye ncha ya sindano kukatoka chembe nyekundu, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Akachukua ya pili. Nyekundu. Alizipekua zote, bila haraka, akizipanga juu ya kanga kama shangazi anayepokea mahari, na fundi akawa anahesabu pamoja naye kwa midomo bila kutoa sauti.

“Basi,” alisema alipomaliza. “Ni huyu. Mfunge.”

Fundi alimfunga, akamtilia mafuta mepesi, matone tu, akamweka juu ya meza ya banda lake ili ajaribiwe. Dada alikanyaga. Gurudumu lilizunguka kwa wepesi hata mguu wake ukatangulia mbele, akaangua kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Hakuondoka. Alishona mikono ya gauni na pindo lake pale pale, akiwaamuru wateja wengine wampishe kwenye mwanga, na fundi akamshikia kitambaa kisiguse sakafu.

“Nimlete tena lini?” aliuliza akikata uzi kwa meno.

“Kila mwaka, mayu.”

“Mwaka wa nani? Mimi nitamleta kila pamba ikishauzwa. Wakati huo nakuwa na nafasi, na yeye anakuwa amejaa manyoya.”

Fundi akasema huo ndio mwaka. Mimi nilikuwa nimeusema kwa miaka mingi, ila sikuwa nimeutaja kwa jina la pamba, na huenda ndiyo sababu haukusikika.

Jumamosi mchana binti yangu aliingia ukumbini ndani ya gauni la shangazi yake. Sitalieleza; mimi si mtu wa mavazi. Nitasema tu kwamba mke wangu, aliyekuwa na mfuko wa plastiki miguuni pake, alisahau kupiga vigelegele kwa dakika nzima. Mshehereshaji alimwita shangazi asimame apongezwe. Dada alisimama, akaomba kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasubiri nasaha kwa bibi harusi. Badala yake waliambiwa kwamba cherehani kinachofanya kazi kila siku kisipite mwaka bila kwenda kwa fundi; kwamba mafuta ya kula ni ya kula; na kwamba mtu asiyetunza chombo chake asishangae kikimwaibisha mbele ya wakwe. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Alipigiwa makofi. Mimi, kwa maneno hayo hayo, nimewahi kupewa maji ya kunywa tu.

Ratiba ilisema kabla ya keki bibi harusi abadilishe nguo. Mke wangu alimwendea na mfuko.

“Mama, rudisha,” binti yangu alisema. “Hili silivui.”

Mke wangu alibaki ameshika gauni la kukodi, hajui aliweke wapi. Dada alilipokea kwa upole wa mshindi, akalitoa katika plastiki, akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. Uzi ulikuwa umejikunja na kuruka.

“Wifi,” alisema, “waulize hawa watu. Cherehani yao waliipeleka lini kwa fundi?”