Utepe wa Bwana Mifugo

Bwana mifugo wetu hasemi neno la kazi mpaka ameosha buti zake na kushika fagio. Vipeperushi vya ofisi huvikalia juu ya pikipiki ili visiruke. Anafagia zizi, anauliza hali ya watoto, anamkuna mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa bado, nyuma ya sikio kwa kidole kisicho na kucha. Juzi, mbele yangu, jirani yangu alimpokea kwa ukali: "Mtamba wangu anapandishwa leo, usinipigie hotuba. Yule wa mwaka jana alinifia akizaa. Huyu lazima anipe maziwa." Bwana mifugo hakubishana. Alimkabidhi utepe wa kupimia uzito. "Mzungushe kifuani, shemeji, nyuma ya miguu ya mbele. Macho yangu siku hizi hayasomi." Jirani akazungusha, akasoma, akasoma tena kwa sauti ya chini. "Kilo mia na tisini. Hata mia mbili hajafika. Yule wa mwaka jana hata sikumpima." Akabaki ameushika utepe. "Huyu bado mtoto, bwana mifugo. Sitampandisha." "Wewe ndiye uliyepima, shemeji," alisema, akarudia fagio lake.

Mimi uongo siupendi, hata wa mzaha, na nimemwona mtu huyu akitia uzi kwenye sindano kwa jaribio moja tu. Lakini siku ile ya utepe nilinyamaza.